Pini ya Kilemba

Alikuwa ananusa kwanza, ndipo anasalimia. Ukimfungulia mlango unamkuta amesimama kizingitini, kidevu juu, pua inazunguka polepole kutoka sebuleni kwenda jikoni, na akishamaliza ndipo anakupa mkono. Wageni walidhani anatafuta chakula. Sisi wa Nyasho tulijua anatafuta waya unaoungua, na akiipata harufu yake, salamu ingesubiri.

Tulimwita Fundi, basi. Musoma ina mafundi wa kila aina, wa baiskeli, wa viatu, wa friji, wa kucha, lakini mtaani kwetu ukisema "kaniitie Fundi" alikuja yeye. Jina lake nililiona mara moja kwenye orodha ya wanakamati wa harusi, nikauliza huyu ni nani, nikaambiwa ndiye Fundi huyo huyo, na tangu hapo sikulikumbuka tena.

Kazi yake ilikuwa umeme, ila si umeme wote. Taa za urembo, feni, nyumba mpya zinazojengwa, hizo aliwaachia wengine. Yeye alishughulika na mein-swichi za zamani, yale masanduku meusi ya chuma ukutani yenye mkono wa kushusha na kupandisha, na kando yake ubao wa fyuzi za kauri nyeupe. Nyumba nyingi za Nyasho na Mwisenge zilijengwa wakati ambapo huo ndio ulikuwa umeme wa kisasa, na mpaka leo zipo zinazoutumia. Ndani ya kila fyuzi kuna uzi mwembamba wa waya, na uzi huo umewekwa ili ufe. Mzigo ukizidi, unaungua wenyewe, umeme unazima, nyumba inabaki. Fundi alimweleza hivyo kila mtu, hata aliyekuja kumuuliza njia ya kwenda stendi.

"Hako kauzi ndio kenye akili peke yake humu ndani," alikuwa anasema. "Nyie wengine wote mnaongezaga tu mzigo."

Taabu ni kwamba kauzi kakiungua, watu wanakasirika. Mwenye nyumba anataka kunyoosha shati, anataka kuona mpira, na duka la vifaa liko mbali. Anachukua chochote cha chuma kilicho karibu, anakibana pale palipokuwa na uzi, umeme unarudi, anajisifu. Hajui kwamba ameondoa mlinzi na kumweka mtu asiyesikia wala kuona.

Fundi alizunguka akivitoa vitu hivyo, tena bila kuitwa. Alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, kila kimoja kimefungwa kikaratasi chenye jina la mwenye nyumba na mtaa wake. Mlikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imesokotwa. Mlikuwa na mpini wa kijiko kutoka hoteli moja ya Bunda. Mlikuwa na hereni, na mlikuwa na ndoano ya sangara kutoka nyumba ya mvuvi mmoja kule ufukweni. Fundi alipenda kusema kwamba yule mvuvi hakukosea sana, kwa sababu ndoano ile ingemnasia kitu kikubwa, yaani nyumba nzima na mkewe ndani.

Siku moja aliomba dakika mbili za matangazo kanisani. Katekista akampa mbili, yeye akachukua karibu nusu saa. Alilimwaga lile kopo kwenye meza ya sadaka, akaanza kuinua kitu kimoja kimoja na kusoma kikaratasi chake kwa sauti. "Msumari wa kiatu. Mwisenge. Nyumba ya mzee..." Kabla hajamaliza jina, mzee mwenyewe alishainuka, ameshika kofia, anatokea mlango wa pembeni bila kusubiri baraka. Mke wake alibaki amekaa, anatazama mbele kama aliyepigwa picha. Wiki ile Fundi hakupumzika, kila nyumba ilikuwa inamwita kabla hajaisoma.

Nami niliwahi kulichungulia lile kopo, nikiwa likizo. Chini kabisa nilikuta kikaratasi kimoja kisichofunga kitu. Kiliandikwa kwa mwandiko wake wa kulala: "Mimi. Nyasho." Nikamuuliza ni cha nini. Akaninyang'anya kopo, akalifunga.

"Hicho kinasubiri," alisema.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kitu kilichokuwa kinasubiriwa kilikuwa nyumbani kwetu, ukutani, sebuleni kwa mama yangu.

Ilikuwa hivi. Miaka ishirini iliyopita, siku ya Jumapili, tulifanya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yangu Rhobi anayeolewa. Mimi nilikuwa kidato cha pili na kazi yangu ilikuwa kupeleka soda kwenye meza ya wakwe. Uani palikuwa na spika mbili zenye kimo cha mtu. Ndani palikuwa na friji mbili, moja ya jirani, palikuwa na jiko la umeme, na hita ilikuwa imetumbukizwa kwenye ndoo kubwa ya maji. Vyote hivyo vilitegemea fyuzi moja. Saa tisa alasiri ikaungua. Fundi alikuwa amealikwa kama mgeni, akavua koti, akaweka uzi mpya. Ukaungua. Akachomoa hita, akaweka mwingine. Shangazi yetu akaichomeka tena hita, kwa sababu haiwezekani wakwe wanawe maji baridi. Ukaungua na huo. Uzi ukaisha, maduka ya vifaa yalikuwa yamefungwa, na mshereheshaji akabaki anapayuka bila kipaza sauti huku watu wakimwonea huruma.

Mama akaingia ndani na gauni lake la kitenge na kilemba kirefu.

"Fundi, wakwe wamekaa. Usiniaibishe."

"Mama Rhobi, waya umeniishia."

"Waya ni nini? Si kachuma tu?" Akachomoa pini kwenye kilemba chake, akamwekea kiganjani. Kilemba kikaanguka begani.

Fundi aliitazama ile pini muda mrefu. Alitazama nje, kwenye meza ya wakwe, akamtazama Rhobi anayekaribia kulia na wanja machoni. Akaibana pini kwenye fyuzi ya tatu, akapandisha mkono wa mein-swichi, muziki ukarudi na watu wakapiga vigelegele.

"Kesho asubuhi naitoa," alisema. "Kabla hamjaamka."

Siku ile kila mtu alicheza isipokuwa yeye. Alisimama chini ya ubao wa fyuzi mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, pua juu.

Kesho yake alikuja kweli, akakuta kufuli mlangoni. Tulikuwa tumemsindikiza Rhobi kwa mumewe Bunda. Siku ya tatu yeye mwenyewe akaitwa kwenye msiba kwao Butiama, akakaa huko wiki. Aliporudi na uzi wake mfukoni, alikuta mama ameshaagiza kabati la mbao, limeuzunguka ubao wote wa fyuzi, lina kufuli, na ufunguo mama ameufunga kwenye fundo la kitenge alichovaa.

"Fundi, achana nayo," mama alimwambia. "Tangu sherehe umeme haujakata hata mara moja. Napiga pasi, friji inaganda, cherehani ya mota inazunguka. Zile nyuzi zako zilikuwaga zinakata kila siku. Unataka utoe kinachofanya kazi uniwekee kinachokata?"

"Kinachokata ndicho kinachofanya kazi!"

"Basi sikitaki."

Mama alikuwa anashona sare za shule, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Pasi ilikuwa haipoi. Mimi nilikuwa upande wa mama bila hata kufikiri. Fyuzi za Fundi zilikuwa zimenikosesha tamthilia nyingi.

Hapo ndipo ilipoanza ile ada yetu. Popote aliponiona, sokoni, kanisani, njiani kwenda shule, Fundi aliuliza neno moja: "Pini?" Nami nilijibu: "Ipo." Akatikisa kichwa, akaendelea na safari. Nilipomaliza chuo nikapangiwa kufundisha Bunda, nikadhani nimepona. Siku moja niko stendi ya Bunda na wanafunzi wangu, basi la Musoma linaondoka, kichwa kikatokea dirishani: "Mwalimu! Ile pini bado mnayo?" Stendi nzima ikageuka. Wanafunzi wangu wakanitazama kana kwamba nimeiba.

Jambo moja lilimshangaza na hakuacha kulirudia. "Pini nyembamba vile, na pasi ya mama yako ile ya makaa ya umeme!" Ndivyo alivyoiita, pasi ya makaa ya umeme. "Ilitakiwa iungue siku za mwanzo kabisa. Imekaaje? Ilitengenezwa wapi?"

"Dubai," nilimjibu, kwa kumtania.

Aliipokea habari hiyo kwa uzito wote. Nikaja kusikia anawaonya watu Mwisenge wajihadhari na pini za Dubai.

Lakini kuna mara moja hakuuliza kwa utani. Tulikutana nje ya posta, akanishika kiwiko. "Mwalimu, ile nyumba ikiungua, watu watasema umeme. Mimi nitajua si umeme. Ni mkono wangu huu." Nami nikacheka. Nilikuwa nimezoea kumcheka, na ninaona haya kulikumbuka.

Tena ule mkono! Kuna sheria ya mafundi wa zamani kwamba ukishika penye umeme, unatumia mkono wa kulia peke yake na wa kushoto unautia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Fundi aliishika sheria hiyo mpaka ikamshika yeye. Alikula na mkono wa kushoto mfukoni, aliendesha baiskeli hivyo, aliimba kwaya hivyo. Kwetu mtu mzima unamsalimia kwa mikono miwili, na yeye alitoa mmoja. Alipokwenda na ujumbe wa kumposea mpwa wake, wenyeji walikaa kimya robo saa wakisubiri mkono wa pili utoke. Mwishowe mzee wao mmoja akauliza kwa upole kama mgeni ana kidonda. Ng'ombe wawili waliongezwa siku ile, na ukoo wake unaamini mpaka leo kwamba waliongezwa kwa sababu ya mfuko.

Miguuni alivaa kandambili za mpira, mvua au jua, hata chini ya suti nyeusi. "Umeme hauna shemeji," alisema, "hautakuuliza umetoka harusini."

Katika misiba alikuwa mtu wa ajabu. Alilia kweli, machozi yanamtiririka, akamkumbatia mfiwa, na huku amemkumbatia, macho yake yanafuata waya wa ekstensheni unaopita chini ya mkeka. Kuna msiba mmoja Mwisenge ambapo jagi la umeme, kinanda cha kwaya na spika vilichomekwa tundu moja. Fundi akatoka kwenye kilio, akazunguka nyuma ya nyumba, akachomoa vyote. Kinanda kikafa katikati ya ubeti. Kwaya ikaendelea kwa sauti tupu, na wengi walisema hawajawahi kusikia wimbo ule ukiimbwa vizuri namna ile. Mpiga kinanda hakumsemesha tena.

Sasa utadhani mtu huyu nyumbani kwake alikuwa na umeme wa mfano, kila waya umelala mahali pake. Hakuwa na umeme kabisa. Aliishi Mwisenge kwa taa ndogo ya jua na redio ya betri, nguzo ya umeme iko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Nilimuuliza mbona. Akanitazama kama mwanafunzi mzito.

"Wewe ukitoka shule," alisema, "unapendaga kukuta wanafunzi sebuleni kwako?"

Tena mtu huyu aliyewasomea watu majina kanisani kwa sababu ya ukweli alikuwa mwongo akitaka. Mwenye nyumba akigoma kubadilisha ubao wake, Fundi alimwambia wakaguzi wanakuja Jumatatu. Hapakuwa na wakaguzi wowote. Jumatatu nyingi zilipita Nyasho watu wamefagia chini ya mein-swichi na kuvaa mashati safi.

Mama tu hakutishika na wakaguzi. Alisema wakija atawapimia sare.

Na kwetu Fundi hakukaa. Namaanisha hakukalia kiti. Alikuja kila sikukuu, alileta mihogo kutoka Butiama, alipewa chai, na chai aliinywa amesimama karibu na mlango, mgongo ameuegemeza kwenye kabati la kufuli. Ukimvutia kiti anashukuru, anakitazama, anabaki wima. Chakula alisema ameshiba. Mama alikuwa na maelezo yake.

"Kwao Butiama mwanaume hakaagi sebuleni kwa mjane," alisema. "Ni heshima."

Niliamini hivyo miaka mingi. Shuleni kwangu Bunda kulikuwa na mwalimu mwenzangu wa Butiama, nikamwuliza kuhusu mila hiyo. Alicheka mpaka chaki ikamdondoka. "Sisi tunakaaga popote penye kiti," alisema.

Nilimpelekea mama jibu hilo. Akasema yule mwalimu atakuwa amekulia mjini.

Miaka ikaenda. Fundi akazeeka, mikono ikaanza kutetemeka, akaacha kazi na kurudi Butiama kwenye mihogo yake na ng'ombe wachache. Huku nyumbani tundu la pasi likageuka rangi ya kahawia. Ukuta juu ya kabati ukaanza kuwa mweusi, na mama akatundika kalenda hapo. Kalenda ilipokuwa inajikunja kwa joto, akaweka nyingine. Nilimwambia tuite mtu, akasema kila kitu kinafanya kazi. Nilimwambia nipe ufunguo, akasema una wanafunzi wa kuwasumbua huko Bunda, nenda kawasumbue.

Mwaka jana, asubuhi moja, mama anapiga pasi, moshi ukatoka kwenye dari.

Majirani walifika kwa wingi. Mmoja alileta ndoo ya maji, mwingine alileta maombi. Mama hakuwasikiliza hao wala hakunipigia mimi. Alipiga Butiama.

"Fundi, inanuka."

"Shusha mkono wa mein-swichi. Mtu asimwage maji. Toka nje."

Alishusha mkono, akamnyang'anya jirani ndoo, akatoka nje, na kwa kuwa ni mama, alitoka na cherehani. Moshi ukapungua, kisha ukakoma.

Mimi nilifika kutoka Bunda mchana. Fundi alikuwa ameshatangulia. Alikuwa amesimama pale pale pake, suti nyeusi, kandambili, mfuko wa plastiki wenye lile kopo. Alikuwa amekonda. Sebule nzima ilinuka plastiki, na sasa hata mimi nisiye na pua niliisikia. Kati ya dari na kabati palikuwa na mstari mweusi mpana kama mkanda.

"Kesho atakuja mtu mwenye leseni," aliniambia. "Nimeshampigia. Atang'oa ubao wote, aweke breka za kisasa na waya mpya. Mimi mikono hii haifai. Leo nimefuata kitu changu tu." Kisha akamgeukia mama. "Ufunguo, Mama Rhobi."

"Umepotea," mama alisema.

Mimi na Fundi sote tulitazama fundo la kitenge chake.

"Mama Rhobi, sitakugombeza. Mwenye kosa ni mimi. Nilikuwekea pini, nikasema kesho naitoa, na hiyo kesho haijafika mpaka nimezeeka. Nyumba nusura iungue leo na wewe ndani. Niruhusu niitoe, niweze kulala."

Mama alilegeza fundo taratibu. Hakumpa ufunguo mkononi, aliuweka juu ya meza, akaenda jikoni, akaanza kukoroga kitu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Mama yangu hajawahi kumwacha mtu peke yake na ufunguo ule. Ningeshangaa, lakini nilikuwa na kazi ya kushika tochi.

Fundi alifungua kabati. Alihakikisha mkono wa mein-swichi uko chini, akatia mkono wa kushoto mfukoni, akapima kwa tesita mara mbili. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka hata ikabidi nimshike kiwiko. Akavuta fyuzi ya kwanza, akaichungulia, akairudisha. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa imeungua ikawa nyeusi, na kauri yake imepasuka. Akaivuta, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwalimu, ona hapa. Hiki ni nini?"

Nikainama. "Msumari."

"Wa inchi ngapi?"

"Tatu, kama sikosei. Umekunjwa."

"Kwa nyundo?"

"Kwa nyundo."

Akaugeuza tena. "Pini yangu iko wapi?" Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anajiuliza mwenyewe, lakini jibu lilitoka jikoni papo hapo.

"Iliungua!"

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ile ya baada ya sherehe."

Mwiko ukaacha kukoroga. Mama akaja mpaka mlango wa jikoni na kusimama hapo. Akasema tuliporudi kutoka Bunda alichomeka pasi, pini ikaungua siku hiyo hiyo. Alimtuma mtu kwa Fundi, akaambiwa yuko msibani Butiama. Sare zilikuwa zinasubiriwa. Akaenda kwenye banda la kuku, akang'oa msumari kwenye ubao, akaukunja, akauweka mwenyewe kama alivyomwona Fundi akifanya. Kesho yake akaita seremala wa kabati.

"Na miaka yote hii nikiuliza pini?"

"Nilisemaga ipo."

"Kwa nini?"

"Wewe unagombezaga watu mpaka kanisani! Ningejikuta kwenye meza ya sadaka. Halafu ukishasema ipo mara ya kwanza, mara ya pili hata huhisi."

Fundi alikasirika. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo, si wakati wa kinanda wala wakati wa ndoano. "Mimi nimesimama mlangoni hapa miaka kumi na tisa! Chai yako nimeinywa nimesimama! Krismasi nimesimama, Pasaka nimesimama!"

"Kwani nani alikukataza kukaa?" mama akauliza, na alishangaa kweli.

"Pini! Nitakaaje nikale kwenye nyumba niliyoitega?"

Mama akanitazama mimi, na nilijua anaiaga ile mila ya Butiama. Kisha akakaa chini hapo hapo mlangoni, akajifunika uso kwa upande wa kitenge. "Nisamehe, Fundi," alisema. "Haki ya Mungu sikujua. Nilidhani mimi ndiye mwenye mzigo peke yangu."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Fundi aliutazama msumari, akamtazama mama, kisha nikaona uso wake unabadilika, anakumbuka kitu cha kuuliza.

"Ilipoungua ile pini," alisema, "ukuta ulipata moto?"

"Hapana."

"Waya ulinuka?"

"Hapana. Ilisema pu, pasi ikapoa."

"Pu tu?"

"Pu tu."

Akanigeukia. Macho yalikuwa yamejaa. "Umesikia, Mwalimu? Ilikata! Ilikaa kazini, mzigo ulipozidi, ikakata!" Akaanza kucheka, kicheko kinachotoka tumboni, kandambili zinapiga sakafu, mpaka akashika kabati ili asianguke. Mama naye akacheka ndani ya kitenge, kwa aibu kwanza, kisha kwa sauti yake yote. Nami nikalia, sijui kwa nini, tochi bado inawaka mkononi.

Msumari uliingia kwenye kopo. Mama mwenyewe alidai kikaratasi chake: "Andika Mama Rhobi, Nyasho. Andika kubwa." Fundi akaandika, herufi zinatetemeka. Kile kikaratasi cha zamani cha "Mimi" alikitoa chini ya kopo na kukitia kwenye jiko la mkaa.

Mama akapakua ugali wa mhogo na dagaa. Nikaleta maji ya kunawa. Fundi alinawa mkono wa kulia, akasita kidogo, kisha akautoa wa kushoto mfukoni, akanawa yote miwili. Akasimama katikati ya sebule kama mgeni wa siku ya kwanza.

"Nikae wapi?"

Mama akamwonyesha kochi refu, lile la wakwe. Akalikaribia kwa tahadhari, akajishusha taratibu, akazama kidogo. Akabonyeza mto kwa kiganja mara mbili tatu.

"Mama Rhobi," alisema, "kumbe makochi yenu ni laini hivi?"

"Yalikuwaga laini kuliko hivyo," mama akamjibu, anamsogezea mboga. "Umechelewa."